Benchi la Walio Sawa

Bango lilifika Nakuru kabla ya dawa. Lilitundikwa kwenye ua wa kliniki, refu na jipya, na juu yake palikuwa na picha ya mzee anayecheka. Mzee yule alikuwa na meno yote, shati lililopigwa pasi, na mashavu ya mtu ambaye hajawahi kukwamwa na ugali kooni hata mara moja. Chini ya picha waliandika kwamba utafiti wa saratani sasa umefika nyumbani. Nilisimama pale nikiwa nimemshika mkono baba yangu, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiishi kwa uji na supu ya kuchujwa, nikamtazama mzee wa bango na kumchukia papo hapo. Sijawahi kumwona mgonjwa wa aina ile katika kliniki yoyote ya nchi hii.

Lakini lazima niseme haki. Kabla ya bango hilo hatukuwa na kitu. Tulikuwa tumeenda Nairobi, kwenye hospitali kubwa yenye sakafu inayoteleza, tukaambiwa kuna dawa mpya ya saratani ya umio inayofanyiwa utafiti, na kwamba baba huenda akafaa. Msichana mmoja mwenye kucha ndefu alituuliza tunaishi wapi. Baba akasema Rongai. Msichana akatabasamu, akasema ni vizuri sana, hapo ni karibu, akaanza kutupangia siku za kuja. Ikabidi nimweleze kwamba si ile Rongai yake ya hapo nje ya Nairobi, ambako watu huishi kwenye maghorofa na kulalamikia foleni ya magari. Ni Rongai ya Nakuru, barabara ya kwenda Eldoret, Rongai ya mahindi.

"Aki pole," akasema, na tabasamu likamtoka. "Hiyo ni mbali. Study inataka watu wa hapa karibu."

Baba alimshukuru. Alimshukuru akiwa amevua kofia na kuishika kifuani kwa mikono miwili, kana kwamba amepewa kitu. Mimi nilitoka nje na hasira hata nikasahau mwavuli wangu ndani, na sikurudi kuuchukua.

Kwa hiyo waliposema utafiti huo unaletwa Nakuru, tuliambiwa kwanza kutakuwa na mafunzo kwa jamii. Mafunzo yenyewe yalifanyiwa kanisani kwetu baada ya ibada. Mama mmoja aliyevaa miwani ya bei alitoka mjini kuja kutusomea maneno aliyoyamulika ukutani kwa mashine, maneno ambayo tungeweza kujisomea wenyewe, na akatushauri tule mboga na matunda. Alikuwa akiwashauri wakulima wa mboga, na miongoni mwao walikuwa watu ambao hata maji yalipita kooni kwa taabu. Mwishoni akauliza, "Kuna swali?" Hakuna aliyeuliza. Akasema anashukuru sana kwamba tumeelewa, akafunga mashine yake, akala kuku wa kanisa, akaenda zake.

Baba alikubaliwa, na safari hii hakuna aliyetuuliza ni Rongai ipi. Dawa ilikuwa ya kuwekwa kwenye dripu, kisha mtu anapumzika majuma kadhaa, kisha anarudia. Tulielezwa kwamba mgonjwa huanza na dozi ndogo, na akionekana kuivumilia, dozi hupandishwa ngazi, kisha ngazi nyingine, ili ijulikane mwili unaweza kubeba kiasi gani. Baba alisikiliza yote akiitikia kwa kichwa kama mtu aliye kwenye mahubiri mazuri. Alichosikia yeye, nilikuja kujua baadaye, ni kwamba dozi kubwa ni ya watu hodari.

Na dawa ilifanya kazi. Nataka hilo lieleweke, kwa maana dharau yangu haikuwa kwa dawa. Siku moja baba aliketi mezani kwangu akaomba kiazi. Si cha kupondwa. Kiazi kizima cha kuchemsha, na chumvi kando. Alikitafuna, akakimeza, akanyamaza akisikiliza kifua chake, kisha akaomba kingine. Nilienda jikoni nikajifanya natafuta kitu, nikalia nikiwa nimeegemea friji. Tangu siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na hofu moja tu, kwamba baba asije akatolewa kwenye utafiti ule.

Siku yetu ya kliniki ilikuwa Jumanne. Wagonjwa waliketi kwenye benchi refu la mbao nje ya chumba cha dripu, wakitoka kila upande, Njoro, Elburgon, na mzee mmoja mwembamba aliyechimba udongo mweupe kule Kariandusi ujana wake wote. Lakini waliokuwa na maneno ni wawili. Wa kwanza alikuwa baba. Wa pili alikuwa mwanamke wa Rhonda, mjane mkaanga mandazi, mwenye kicheko cha kusikika hadi getini. Babu yake alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, na ukoo wake haukurudi tena. Wawili hao walitaniana tangu siku ya kwanza. Yeye alimwita baba mzee wa mahindi, na baba akamwambia kwamba mandazi ya Rhonda ni hewa iliyotiwa sukari.

Kabla ya dripu, nesi alipita na tableti yake akiuliza maswali. Aliyasoma bila kuinua macho, kama mwalimu anayeita majina ya watoto darasani. Kutapika? Kuharisha? Vidonda mdomoni? Ganzi kwa mikono? Ganzi kwa miguu? Jibu likitoka, kidole kinagusa kioo, swali linalofuata. Sijui ni bingwa gani aliyebuni shughuli hiyo, lakini aliamini kwamba hivyo ndivyo ukweli unavyotolewa kwa mzee wa Bonde la Ufa: unamwuliza habari za tumbo lake mbele ya benchi zima, kwa sauti, huku humtazami usoni.

Mwanamke wa Rhonda peke yake ndiye aliyejibu kama mtu aliyeulizwa swali.

"Sista, hizi nyayo zinaniwaka ni kama nimekanyaga jiko," alisema Jumanne moja. "Na vidole, hata sufuria ya moto nashika na sijui nimeshika. Na kutapika, wacha tu."

Nesi aliinua macho kwa mara ya kwanza. Wakamtoa damu. Foleni ya dripu ilipomfikia, hakuwekewa. Aliitwa ndani, akatoka na mkoba wake, uso umemshuka. "Wamenisimamisha," akatuambia, akaondoka. Zamu iliyofuata hakuja, wala zamu nyingine.

Tuliuliza. Tukaambiwa habari za mgonjwa ni siri. Siri! Watu waliokuwa wakituuliza habari za kuharisha mbele ya umma, sasa wana siri. Walifunga mdomo kwa heshima kubwa wakapita na faili zao, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba benchi lina masikio na akili, na kwamba lisipopewa maelezo litajitengenezea yake.

Aliyeyatengeneza alikuwa baba yangu mwenyewe.

"Huyo amejitoa na mdomo," akatangaza. "Hawa watu wanataka mtu ako strong. Ukianza kulialia wanachukua mwingine. Si mnajua laini ni ndefu huko nje?"

"Ni ukweli kabisa," mzee wa Kariandusi akasema.

Tangu siku hiyo benchi zima lilikuwa sawa. Kutapika? Hapana. Ganzi? Hapana. Uko aje, mzee? Niko sawa kabisa, sista, Mungu ni mwema. Nimemwona mtu akitapika nyuma ya choo, akajifuta na kitambaa, akarudi kwenye benchi akiwa amekunja kitambaa kile vizuri mfukoni, akaulizwa, akasema yuko sawa kabisa. Na kidole cha nesi kikagusa kioo.

Ningependa kuwadharau watu wa utafiti peke yao, lakini sisi nasi ni watu wa ajabu. Baba alizaliwa kwenye shamba la setla wa Kizungu, huko huko Rongai, kabla ya wakulima kuchangishana wakalinunua na kulikata vipande. Babu alikuwa kibarua. Kila asubuhi nyapara alipita akiita watu, na aliyesema anaumwa hakupata posho siku hiyo. Watoto wa vibarua walijua jibu hilo kabla hawajajua kusali. Setla alirudi kwao, nyapara akafa, shamba likawa letu, na bado ukimwuliza baba yangu yuko aje atajinyoosha akwambie yuko sawa. Alipovunjika mguu alikuwa sawa. Mama alipofariki watu walikuja kumpa pole, akawaambia yuko sawa, karibuni chai. Nimekua nikilidharau jibu hilo, na nikilitumia kila siku.

Mimi nina duka la agroveti pale Rongai. Nauza mbegu, dawa ya kupe, chumvi ya ng'ombe. Asubuhi moja baba aliingia dukani amekasirika. Alikuwa na ng'ombe mmoja aliyemkamua mwenyewe hata wakati ugonjwa ulipomkaba zaidi, na sasa, akasema, ng'ombe huyo ameharibika. Anabana maziwa. Anapiga ndoo teke. Nikamwuliza kama kiwele kimevimba, akasema lazima kiwe kimevimba, kwani itakuwa ni nini kingine? Akataka nimpe mafuta mazuri ya kukamulia. Nilifunga duka nikaenda naye.

Kiwele kilikuwa laini, hakina joto wala uvimbe, na maziwa yalikuwa safi. Nilichutama nikakamua, na ng'ombe akayaachilia huku akicheua, ametulia kabisa.

"Sasa kamua wewe," nikamwambia baba.

Alichutama. Vidole vyake vilishika chuchu vikateleza, vikashika tena, vikabana pasipofaa mpaka ng'ombe akainua mguu. Nikaona kwamba baba anaitazama mikono yake ili ajue imefika wapi. Mtu aliyekamua maisha yake yote macho yakiwa ukutani, huku akiimba nyimbo za kanisa, sasa alihitaji kutazama.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Huyu ng'ombe ni mjeuri."

"Baba, tangu lini?"

Baba huniita Maitu, yaani mama katika lugha yetu, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Hulitamka kwa upole akitaka kitu. "Maitu," akasema, bado amechutama, "ukifungua mdomo kule kliniki watanitoa. Na wakinitoa, hii koo inafunga tena. Ni wewe utakuwa umenizika."

Nilimwambia kwamba ng'ombe ana akili kuliko benchi lao zima, maana yeye akiumizwa anapiga teke. Hakucheka. Alichukua ndoo kwa mikono miwili, akiitazama, akaipeleka nyumbani.

Nilifungua mdomo. Jumanne iliyofuata nilimvizia daktari wa utafiti, kijana mrefu mwenye simu mbili na viatu vinavyong'aa, nikamweleza habari za mikono na za ng'ombe. Alinisikiliza akitazama simu moja. Nilipomaliza akasema, "Wacha tumuulize mwenyewe," na hapo hapo nikajua nimeshindwa. Akaenda kwenye benchi, akasimama mbele ya watu wote.

"Mzee, binti yako anasema mikono inakusumbua?"

Baba akanitazama, akamtazama daktari, akaangua kicheko. "Daktari, huyu msichana wangu anauza dawa ya ng'ombe. Kila mtu anamwona ako na ugonjwa wa ng'ombe."

Benchi likacheka. Mzee wa Kariandusi alicheka hadi akakohoa. Daktari naye akacheka, akampiga baba begani. "Mzee, wewe uko fiti kuliko mimi," akasema. Dozi ikapandishwa siku hiyo hiyo. Nilikaa kando ya kitanda nikiyatazama matone yakishuka, na moyoni nikawalaani mmoja mmoja, kuanzia kwa daktari hadi kwa baba yangu, na sikujisikia vibaya.

Kisha wakaamua kusherehekea. Utafiti ulikuwa unafunguliwa katika kaunti nyingine za jirani, ili watu wa Baringo na Kericho na Nyandarua wasilazimike tena kuja Nakuru. Ni jambo jema, na mtu mwenye akili angelifanya kwa kufungua mlango, kuweka dawa na watu ndani, na kunyamaza. Wao walileta hema. Walileta viti vilivyofungwa utepe, fulana zenye maneno, chupa za maji zenye maneno, na mshereheshaji aliyepanda jukwaani akapiga kelele, "Nakuru, niajeee!" Alikuwa anawapigia kelele watu wenye saratani ya umio. Hakuna aliyemjibu, akasema hajatusikia, akarudia.

Mkubwa mmoja kutoka Nairobi alihutubia. Nilimsikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kumsikiliza mhubiri. Alisema Nakuru imelifundisha taifa. Alisema palikuwa na wasiwasi kwamba huku mashambani watu hawataweza, lakini kinyume chake wagonjwa wa hapa wameivumilia dawa kuliko wa mahali pengine popote, karibu bila malalamiko yoyote, na kwamba hiyo ndiyo sababu moja kubwa ya kupeleka utafiti mbele. Watu wakapiga makofi. Benchi letu lilikuwa limeketishwa mstari wa mbele, limevalishwa fulana, nalo likajipigia makofi. Nilimwona mzee wa Kariandusi akipiga makofi kwa mikono ambayo haikukutana sawasawa. Nilitaka kucheka, na nilitaka kuvua kiatu nikirushe jukwaani.

Basi wakamwita baba kutoa ushuhuda. Walimchagua yeye kwa sababu hakuwahi kulalamika hata siku moja. Alikuwa amevaa suti yake ya harusi za wajukuu, na asubuhi ile nilimfunga vifungo vyote, cha kwanza hadi cha mwisho, huku yeye akitazama dari kama mtu anayekumbuka jambo. Alipanda jukwaani vizuri. Akapewa kipaza sauti.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina."

"Mimi niko sawa ka..."

Kipaza sauti kikaanguka. Spika zikapiga ukelele, watu wakaziba masikio. Baba hakujua. Alisimama pale mkono wake umekunjwa mbele ya mdomo, umeshika hewa, akaendelea kushuhudia. Midomo ilikwenda, sisi tukasikia sauti yake ndogo bila spika, akisema Mungu amemtendea makuu. Mshereheshaji akacheka, na watu wengine wakacheka kidogo wakidhani ni uzee. Hapo ndipo baba alipoutazama mkono wake.

Daktari wa viatu vya kung'aa hakucheka. Aliinuka kwenye kiti chake, akampita mgeni wa heshima mbele ya magoti bila hata kuomba radhi, akamshika baba kiwiko na kumteremsha. Akampeleka nyuma ya hema, kwenye masufuria ya pilau, nami nikawafuata.

"Funga macho, mzee," akasema. Akamshika kidole kidogo cha mwisho, akakibana. "Nimeshika kipi?"

"Dole gumba," baba akajibu, kwa sauti ya mtu anayejua.

Akashika cha kati. "Na hiki?"

"Hicho ni cha mwisho."

Daktari akauachilia mkono kabisa. Akaiweka mikono yake nyuma. "Na sasa?"

"Hapo nasikia vizuri," baba akasema. "Umeshika hicho cha kati."

Mwanamke aliyekuwa akikoroga pilau akaacha kukoroga. Nilimwonea baba huruma iliyoniuma meno.

"Fungua macho," daktari akasema. "Mzee, kwa nini hukusema?"

"Mngenitoa."

"Hatutoi mtu juu ya kusema! Tunapunguza dozi tu. Hiyo ndiyo kazi ya hayo maswali yote."

"Na yule mama wa Rhonda?"

"Nani amekuambia tulimtoa? Tulimsimamisha damu yake itulie, halafu tumwanzishie dozi ndogo. Ni yeye hakurudi, labda alidhani tumemfukuza. Tumempigia simu, kila saa ni mteja hapatikani."

Nilimwambia kwamba wangetuambia hivyo kwenye benchi, neno hilo moja tu, baba angekuwa na vidole. Akaanza kusema habari za mgonjwa ni siri. Nikamwambia sikumwuliza habari za mgonjwa, nimesema wangetuambia kwamba mtu akisema anaumwa hatolewi. Akaniambia pole, na sikuipokea. Nyuma yetu mshereheshaji alikuwa akiwauliza tena watu wa Nakuru wako aje.

Dozi ya baba ilipunguzwa, na akabaki kwenye utafiti. Viazi vikaendelea kushuka. Kuhusu mikono, daktari alisema huenda hisia zikarudi, huenda zisirudi, na kwamba wangejua mapema ingekuwa nafuu. Alimwambia pia kwamba kama tunamfahamu yule mama tumwambie aje. Utafiti huenda umeshampita, lakini mikono na miguu yake bado ni juu yao kuitunza. Kwa siku kadhaa nilimkamulia baba ng'ombe, kisha asubuhi moja akasimama mlangoni amevaa kofia.

"Maitu, nipeleke Rhonda," akasema.

Mkaanga mandazi hapotei Rhonda. Tuliuliza kwa muuza mkaa, akatuonyesha mlango. Mwanamke alitufungulia mwenyewe, amekonda, na vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa bendeji. Jiko lake lilikuwa limeinamishwa kando ya mlango, baridi, limeanza kuota kutu. Baba akampa chupa ya maziwa. Alituketisha kwenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, akamimina chai kwa mikono miwili, akikikazia kikombe macho, kama baba alivyoikazia ndoo yake.

"Mmetumwa na kliniki?" akauliza.

"Tumetoka nyumbani," baba akasema. "Uko aje, mama?"

"Niko sawa kabisa, mzee wa mahindi. Mungu ni mwema."

Katika benchi lile zima ni yeye peke yake aliyewahi kusema ukweli, na sasa naye alikuwa amefuzu. Baba alikiweka kikombe chini. Nilimwona akilitambua jibu hilo, sauti yake na hata jinsi mgongo ulivyonyooka likitoka.

"Hawakukufukuza," akamwambia. "Ni mimi nilisema umefukuzwa. Nilisema mbele ya watu, na nilikuwa sijui. Walikuwa wanangoja damu yako itulie."

"Usijali, mzee. Mimi niko sawa."

"Simu yako je?"

"Iliungua kwa jiko. Lakini niko sawa."

Baba akavuta kiti karibu na meza. "Lete mkono," akasema. "Weka hapa. Sasa funga macho."

Aliuweka mkono wake usio na bendeji juu ya meza, akafumba macho. Baba naye akafumba yake, kwa maana kwetu mtu akisema tufunge macho ni maombi, na hakuna anayewaambia wengine wafumbe huku yeye ametazama. Nikaona kidole chake kikitambaa mezani polepole, kikapita kando ya mkono wa yule mama bila kuugusa, kikatua kwenye kitambaa cha meza, kikabana.

"Hapo unasikia?" akamwuliza.

"Nasikia," akasema. "Umeshika kidole cha pete."

"Ndio," baba akasema. "Ndicho nimeshika."

Chai ilikuwa inapoa. Niliwaacha hivyo kwa muda, kisha nikawaambia wafumbue macho.